Nyoka wa vichwa viwili niliyemuua Babati

Najua nimepotea kidogo. Nipo Babati kwa BTP, wiki ya nne sasa, kila asubuhi nikifungua dirisha naanza na mlima Kwaraa. Chaki zimeniingia mpaka kwenye nywele, lakini leo sina stori ya chaki.

Jumatatu mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi wanafunzi wanalima bustani ya shule, mara kelele: "Madamu, nyoka! Ana vichwa viwili!" Mwembamba kama kamba ya kiatu, kahawia, anang'aa, anajikunjakunja kwenye tope. Mwalimu mtarajiwa wa baiolojia nikanyakua jembe. Pigo moja tu. Nikapigiwa makofi kama nimefunga goli.

Makofi yalipoisha nikainama kumwangalia. Kumbe kichwa ni kimoja. Kile cha pili ni mkia butu wenye kijimwiba kwenye ncha. Macho ni vidoa viwili tu chini ya gamba.

Usiku nikakaa na vitabu. Ni wa jamii ya nyoka vipofu. Wanaishi ardhini, hawana sumu, na kamdomo kenyewe hata kidole hakawezi kung'ata. Chakula chao ni mayai na mabuu ya mchwa na sisimizi. Mvua kubwa ndiyo huwatoa nje.

Kilichoniuma zaidi ni ndugu yake mmoja, Letheobia uluguruensis, anayeishi kwenye udongo wa misitu ya milima ya Uluguru. Barbour na Loveridge walimtangaza kisayansi mwaka 1928. Jamani, Uluguru! Milima ileile tunayoitazama tukipanga foleni ya chakula chuoni. Miaka miwili niko chini yake, kikosi cha Simba nakijua chote, huyu sijawahi hata kumsikia. Msitu ukifyekwa na udongo ukakauka, yeye atahamia wapi?

Jumanne nikaingia darasani na yule marehemu kwenye chupa ya spiriti. Nikaeleza yote, mpaka Uluguru. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Madamu, kumbe hana sumu. Sasa mbona jana ulimuua?"

Darasa kimya. Kwenye andalio la somo hilo swali halimo. Nikamwambia ukweli: "Niliogopa, na sikuwa najua."

Akainama akaandika kwenye daftari. Sijui aliandika nini.

Wenzangu mlio BTP, nyie mngejibuje? Alamsiki.