Barua kwa Mpwa Wangu Baada ya Mbio za Moshi

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia kwamba tangu Jumapili chakula hakipiti na viatu umevisukumia uvunguni. Sishangai. Mtu aliyejiandaa miezi yote ile akitarajia kumaliza marathoni kwa saa tatu na nusu, halafu akamaliza kwa saa nne na nusu, lazima aumie. Lia ukitaka. Ila hilo la kusema huna kipaji nalikataa, na ushahidi umenitumia mwenyewe: zile namba za saa yako.

Nimezisoma taratibu. Kwa lengo lako, kilomita 10 za kwanza zilitakiwa zichukue karibu dakika 50. Wewe ulizimaliza kwa 46. Ubaridi wa asubuhi, barabara ya Dar imenyooka, watu wanashangilia. Ukaona mwili mwepesi, ukauachia. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini haudumu hadi kilomita 42 kwa watu wengi. Huelekea kwisha karibu na kilomita ya 30, na anayekwenda mbio kupita uwezo wake huumaliza mapema zaidi. Njia ya kupanda Mweka ikakukuta jua limeshawaka na akiba imekwisha. Kilomita ya 29 uliitembea na kuikimbia kwa dakika 9 na sekunde 40. Unausingizia mlima bure, mwanangu. Mbio zile ziliharibika kule chini, saa ile ulipokuwa unajisikia vizuri kuliko wakati wote.

Halafu ile picha aliyopiga dada yako: unaipita meza ya maji mikono mitupu, macho mbele, kama mtu anayekimbilia basi. Hapo nilisikitika kweli.

Watu wakitaka kukufariji watakutajia mwanariadha wetu John Stephen Akhwari na goti lake lililofungwa bandeji kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico City, 1968, alipomaliza wa mwisho. Mimi napenda zaidi yaliyofuata. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akashika nafasi ya tano kwa saa 2:15:05. Yaani alirudi kazini. Na Alphonce Simbu wetu, Olimpiki ya Paris 2024 alikuwa wa 17. Mwaka uliofuata, kwenye Mashindano ya Dunia Tokyo, Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele yake hadi hatua za mwisho kabisa. Wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48, dhahabu ikaja Tanzania. Huwezi kuchomoka vile mwishoni kama nguvu umezimaliza mwanzoni.

Kwa hiyo usibadilishe kocha, wala usinunue viatu vipya kwa hasira. Pumzika mpaka uweze kushuka ngazi bila kushika ukuta. Kula wali, kula ndizi, lala mapema. Pasaka njoo huku kwangu Arusha. Tutakimbia kilomita 10 kwa dakika 50, na ukiniacha nyuma nitakuita urudi, hata kama watu wanatutazama. Chupa ya maji nitaibeba mimi, na utakunywa kabla hujasikia kiu.

Msalimie mama yako, mwambie nitampigia simu Ijumaa.

Mjomba wako