Nilikagua Kituo Bila Kukiona

Ndugu msomaji, mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima katika wilaya ya Songea. Elimu yangu ni ya cheti. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya kisomo vijijini na kuwasaidia walimu na wanakisomo. Leo nitakueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Nalieleza ili lisirudiwe na mtu mwingine.

Katika kijiji kimoja cha wilaya yetu kuna darasa la kisomo. Wanakisomo wengi ni akina mama. Zamani darasa hilo lilikuwa likipungua kila mwaka mwezi wa Novemba, mvua zilipoanza. Huo ndio wakati wa kupanda mahindi. Mama alitoka shambani na mtoto mgongoni, na mwingine amemshika mkono. Akifika darasani, mtoto alilia. Kalamu iliwekwa chini. Baada ya wiki mbili mama hakuonekana tena. Wengine waliwaachia watoto dada zao wa miaka minane au tisa, na dada hao wakakosa shule.

Ndipo bibi mmoja wa kijiji alipojitolea. Alisema, "Nileteeni watoto. Mimi shamba limenishinda, lakini watoto hawajanishinda." Kijiji kilimpa chumba kilichokuwa ghala la mahindi. Akina mama walileta mikeka na unga wa uji. Kituo kikaanza. Darasa langu nalo likajaa. Nilifurahi sana.

Nakiri kwamba nilifurahi kwa sababu ya darasa, si kwa sababu ya watoto. Katika mafunzo yangu nilisoma kwamba mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alieleza kuwa ni lazima tuanze kuwaelimisha watu wazima, kwa kuwa watoto watachukua miaka mingi kabla ya kuleta mabadiliko katika maendeleo ya nchi. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mimi niliyageuza kuwa kisingizio. Niliona watoto ni kazi ya watu wengine.

Fomu yaletwa

Kutunza watoto katika vituo si jambo geni. Katika miaka ya 1970 vijiji vingi vya ujamaa vilikuwa na vituo vya kulelea watoto mchana. Mwaka 1981 Bunge lilitunga sheria ya vituo hivyo. Baadaye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilichukua nafasi yake. Kwa sheria hii, kituo kinapaswa kusajiliwa na kukaguliwa.

Mwezi wa Desemba 2021, huko Dodoma, Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Ilipangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Inamhusu mtoto tangu mimba hadi miaka minane. Inasema mtoto anahitaji mambo matano kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, kujifunza mapema, na ulinzi na usalama.

Siku moja ofisa ustawi wa jamii alitukusanya sisi watumishi wa kata. Alitufundisha namna ya kukagua kituo. Kisha akaniambia, "Mwalimu, wewe unafika kijiji kile kila wiki. Jaza fomu hii, nami nitakuja baadaye kuhakikisha."

Nilifika kituoni saa tano asubuhi. Wingu la mvua lilikuwa limetanda upande wa milima ya Matogoro, na pikipiki yangu haipendi matope. Nilimwamkia bibi, "Shikamoo, bibi." Akanijibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Karibu uketi." Sikuketi. Nilisimama mlangoni na fomu yangu.

Jengo lipo? Niliandika Ndiyo. Mikeka ipo? Ndiyo. Choo kipo? Nilikiona kwa mbali. Ndiyo. Maji yapo? Ndoo ilikuwapo. Ndiyo. Mazingira ni salama? Nilitazama uwanja wa mbele. Ulikuwa umefagiwa vizuri. Ndiyo. Nilitia sahihi, nikaondoka. Kazi yote haikufika robo saa.

Shimo la matofali

Wiki ya tatu baada ya siku ile, nilipata habari mbaya. Nyuma ya kituo palikuwa na shimo. Watu walichimba udongo hapo wakati wa kiangazi kwa ajili ya kufyatulia matofali. Mvua zilipokuja, shimo lilijaa maji. Mtoto wa kiume wa miaka mitatu alizunguka nyuma ya jengo akatumbukia. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kisimani aliona mkono mdogo juu ya maji. Alitupa ndoo yake akaruka ndani. Mtoto alitolewa akiwa hana sauti. Alipotapika maji ndipo alipolia. Alikimbizwa zahanati, akapona.

Kesho yake uliitishwa mkutano wa kijiji. Watu walikuwa na hasira. Mmoja alisema kituo kifungwe. Mwingine alisema bibi afukuzwe, kwa sababu amezeeka na haoni mbali. Bibi alikuwa amekaa chini, kichwa amekiinamisha. Hakujitetea.

Fomu yangu ilikuwa kwenye mkoba. Nilijua neno nililoliandika pale. Hakuna mtu aliyeniuliza. Ningeweza kunyamaza na kurudi mjini. Lakini nilimtazama bibi yule, nikaona kwamba nikinyamaza atabeba mzigo wangu pamoja na wake. Nikasimama. Nikaisoma fomu kwa sauti mpaka kwenye neno "salama". Nikasema, "Ndugu zangu, aliyeandika hapa ni mimi. Sikufika nyuma ya nyumba."

Watu walinyamaza. Kisha bibi akainua kichwa. Akasema, "Mjukuu wangu, siku ile nilikuambia uketi. Ungeketi, ningekuonyesha shimo. Nilikuwa nimeomba lifukiwe tangu kiangazi. Mimi ni mmoja, watoto ni arobaini. Nikimpa huyu uji, yule ametoka."

Baba wa mtoto aliyenusurika aliuliza, "Nani alichimba shimo lile?" Hakuna aliyejibu. Ukweli ni kwamba wengi wetu tunaishi katika nyumba za matofali, na udongo wake ulitoka mahali. Mwenyekiti akasema, "Basi, kosa si la mtu mmoja. Kituo hakifungwi leo. Lakini kikirudi kuwa kama kilivyokuwa, nitakifunga mwenyewe." Kesho yake watu walikuja na majembe. Shimo lilifukiwa kwa siku mbili.

Wanakisomo wakagua

Nilirudi kwa ofisa ustawi wa jamii, nikamweleza yote. Alinionya, na nilistahili. Kisha alisema jambo nisilolisahau: mkaguzi akifika mara moja kwa mwaka hawezi kumlinda mtoto kila siku. Wanaoweza ni wale wanaoishi naye.

Basi tukalipeleka jambo hilo darasani. Wanakisomo walisema fomu ina maneno magumu. Tukaamua kuandika maswali yetu wenyewe, kwa maneno ya kwetu. Kila mwanakisomo alitoa swali moja kutokana na aliyoyaona kwa mtoto wake. Haya ndiyo tuliyoyaandika:

1. Je, tumezunguka jengo lote, mbele na nyuma?
2. Je, kuna shimo, kisima, moto au kitu chenye ncha kali karibu?
3. Je, tundu la choo ni dogo, mtoto asiweze kutumbukia?
4. Je, mtoto ananawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni?
5. Je, uji wa leo una nini zaidi ya mahindi?
6. Je, mtoto akilia, nani anamwitikia, na kwa upole au kwa fimbo?
7. Je, watoto wamecheza nini leo, na wamesimuliwa nini?
8. Je, walezi ni wangapi, na watoto ni wangapi?
9. Je, ni nani anaruhusiwa kumchukua kila mtoto jioni?

Swali la tano lilileta mjadala mrefu. Mkoa wetu wa Ruvuma unavuna mahindi mengi na kulisha mikoa mingine. Lakini utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa nchini ni 30 katika kila 100, na mkoa wetu ulikuwa juu ya hapo. Mama mmoja aliuliza, "Ghala limejaa, mtoto anadumaaje?" Tukajibizana mpaka tukaelewa. Tumbo la mtoto hujaa mahindi, lakini mwili unataka pia maharage, karanga, soya, mboga, matunda na mayai. Vitu hivyo tunavilima na kuvifuga. Tunaviuza vyote.

Swali la sita nalo liliwagusa wengi. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika miaka ya kwanza. Mtoto anayesemeshwa, anayeimbiwa na kujibiwa anapoita, hujifunza kabla hajashika kalamu. Anayepigwa kila mara hujifunza kuogopa.

Sasa kila Ijumaa wanakisomo wawili huenda kituoni na daftari. Hujibu maswali yote na kuweka sahihi zao. Wengine, hiyo ndiyo sahihi yao ya kwanza iliyopata kazi. Hawaandiki Ndiyo bila kuona kwa macho. Wakikuta kasoro, wanaandika pia jina la atakayeirekebisha na siku ya mwisho.

Miezi mitatu baadaye ofisa ustawi wa jamii alikuja mwenyewe. Alikuta walezi watatu badala ya mmoja, kibuyu chirizi karibu na choo, na uji wenye karanga na soya. Alisifu daftari. Lakini pia aliandika kasoro mbili: paa linavuja, na walezi hawajapata mafunzo. Alisema tusihesabu usajili kabla ya kuziondoa. Hakuna aliyekasirika. Mwenyekiti aliyaandika yote mawili, nasi tumeanza kuchanga fedha za bati.

Bibi bado yupo. Yeye ndiye anayesimulia hadithi. Kila nikifika ananiambia, "Karibu uketi." Siku hizi naketi. Nikimaliza kuketi, nazunguka nyuma ya nyumba.

Ndugu msomaji, ukaguzi si kumvizia mlezi, wala si kujaza karatasi. Ukaguzi ni kumtazama mtoto na kuuliza kama mahali hapa panamfaa. Ukijua kusoma na kuandika, kazi hiyo ni yako pia.

Maswali ya kujadili

1. Mwandishi alikosea nini siku ya kwanza? Kwa nini?
2. Kama mwandishi angenyamaza mkutanoni, bibi angepatwa na nini?
3. Katika kijiji chenu, watoto wadogo wanabaki na nani wakati wa kulima?
4. Andikeni maswali matano ya kukagua mahali hapo. Nendeni mkapaone kabla ya kuyajibu.