Jumapili Moja Bujumbura

Semina iliyotupeleka Burundi ilikwisha Jumamosi jioni, na gari la kuturudisha Kampala lilikuwa la Jumatatu. Hivyo sisi, walimu wanne wa Kiswahili kutoka Uganda, tukajaliwa Jumapili nzima isiyo na kazi.

Asubuhi tulitembea polepole miongoni mwa watu waliokuwa wakitoka kanisani. Adhuhuri tukala mukeke wa kuchoma kando ya Ziwa Tanganyika, vijana wakicheza mpira mchangani, na ng'ambo milima ya Kongo ikionekana kama moshi. Alasiri tukaingia Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani.

Hapo tulimkuta mama akikaanga vitumbua mlangoni pake. Tukamwuliza bei kwa sarufi iliyonyooshwa kwa pasi. Akacheka.

"Karibuni, walimu. Mnasema kama redio!"

Nasi tukacheka, tukaketi kwenye benchi lake. Mara mtoto wake mdogo akaanza kulia kwa usingizi. Mama akamweka mapajani, akampapasa mgongo, akamwambia taratibu: "Lala, mwanangu, lala."

Tukatazamana, tukanyamaza.

Wasomaji wa rika letu watatuelewa. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa nchini Uganda, lakini sisi, tuliokuwa watoto wakati huo, tulikisikia kwanza vizuizini, vinywani mwa watu wenye bunduki: "Lala chini!" Neno ni lile lile. Tumelifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, tumelinyambua ubaoni, lalia, laza, lalika. Wala hatukuwahi kulisikia likimbembeleza mtoto.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Tulifurahi, na tungali tunafurahi. Hata hivyo, mzazi aliyewahi kulazwa chini barabarani haponywi na tangazo. Yampasa aisikie lugha hii ikicheka, ikikaanga vitumbua, ikilaza watoto.

Jua lilipotua tuliagana na yule mama. Alikataa katakata kupokea malipo ya vitumbua vya mwisho.

Juma lililofuata, darasani, hatukuanza na ngeli za majina. Tuliwauliza wanafunzi wetu: mtoto akilia usiku, utamwambia nini kwa Kiswahili?