Hawajapotea, Wako Kwa Shifti

Kuna neno moja hapa Kenya tunalitumia kama salamu, na leo nataka tuliongelee vizuri: "Umepotea." Mkikutana stejini baada ya wiki mbili, umepotea. Ukikosa kujibu meseji siku tatu, umepotea sana. Kwa mtu wa hapa Nairobi haina noma, mnacheka mnaendelea na maisha. Lakini mwambie hivyo rafiki yako aliye Marekani, hujui unamgusa wapi.

Nasema hivi kwa sababu Julai mwaka jana nilizunguka Midwest kwa gari siku tisa nikitembelea marafiki watatu. Kabla muulize pesa ilitoka wapi: ni video za harusi za mwaka mzima, plus chama. Viza peke yake ilikuwa dola 185, na hizo hazirudi hata ukinyimwa. Hawa watatu tulianza kampasi pamoja. Wao wakapata nafasi za kusoma ng'ambo, mimi nikaacha shule mwaka wa pili nikashika kamera. Kwetu hiyo stori huletwa mezani kila Krismasi: "Wenzako wako Amerika." Sawa. Nikaenda kuona wako aje huko Amerika. Majina yao naweka kando, hawakuomba kuwa kontenti.

Midwest si ile Amerika ya sinema. Hakuna bahari ya chumvi, hakuna Hollywood. Ni majimbo ya katikati: Illinois, Iowa, Minnesota na majirani wao. Nilitua Chicago, rafiki wa kwanza akanichukua na gari yake ya mtumba, na kesho yake asubuhi tukaingia barabara ya I-80 kuelekea magharibi. Huyu jamaa alikuwa amebadilishana shifti na wenzake watatu ndio apate hizo siku, na siku ambayo hajafanya kazi hakuna mtu anamlipa. Aliniambia hivyo tukiwa tumeshafika mbali, akiangalia mbele, kama mtu anaongea kuhusu hali ya hewa.

Baada ya karibu masaa matatu tukavuka mto Mississippi na Iowa ikaanza. Iowa ni mahindi. Sio kama Kitale, ambapo unaona shamba, halafu boma, halafu ng'ombe. Hapa ni mahindi, soya, mahindi tena, na barabara imenyooka mpaka unaanza kusinzia. Kilichonichekesha ni kwamba mahindi hayo mengi ni ya njano, ya kulisha mifugo na kutengeneza ethanoli ya kuchanganya na petroli. Rafiki yetu wa Des Moines akitaka unga mweupe wa ugali anawasha gari kwenda duka la Waafrika. Mtu amezungukwa na mahindi na bado anatafuta unga!

Kwa hilo duka, mama wa kaunta alitusikia tukibishana kuhusu pakiti gani ni kubwa. Akauliza tumetoka wapi. "Mie minatoka Bukavu," akasema, na hapo tukasimama nusu saa. Iowa imepokea Wakongo wengi, na Kiswahili wamekuja nacho. Alituwekea mihogo ndani ya mfuko bila kutuambia bei. Rafiki yangu akanieleza baadaye kwamba huyo mama ndiye mtu anayemsalimia kwa Kiswahili mara nyingi zaidi kuliko sisi tulio nyumbani.

Sasa hesabu ya masaa, kwa sababu hapa ndipo "umepotea" inazaliwa. Wakati wa kiangazi chao, Nairobi iko mbele ya Midwest kwa masaa manane. Wakati wa baridi yanakuwa tisa. Chukua mtu anayefanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi. Anafika nyumbani, anaoga, analala. Wewe Nairobi unatoka kazini jioni, unamtumia "Niaje", na huko ni asubuhi, ndio ameingia usingizini. Akiamka saa tisa mchana, kwako ni saa tano usiku na simu iko kwa chaja. Anajibu. Wewe unaona asubuhi, wakati yeye anabadilisha mzee wa miaka tisini shuka. Meseji mbili tu, siku nzima imeisha. Ongeza masomo, ongeza msimu wa baridi ambapo kutoka nje ni kazi, halafu niambie nani amepotea.

Na kuna sheria pia. Ukienda na viza ya mwanafunzi, wakati wa muhula unaruhusiwa kufanya kazi masaa 20 kwa wiki, tena ndani ya chuo. Yule wa Des Moines anaishi kwa hayo masaa 20. Ndugu zake wanaona picha ya theluji na jaketi zito wanadhani ni utajiri. Jaketi ni kwa sababu bila jaketi utakufa.

Kutoka Des Moines tulipanda kaskazini na I-35, karibu kilomita 400, mpaka Brooklyn Park, kando ya Minneapolis. Huko Wakenya ni wengi, hasa watu wa Kisii. Anti wa rafiki yangu amepanda managu na sukuma nyuma ya nyumba, na mwisho wa kiangazi anavuna anagandisha kwa friza mpaka baridi iishe. Tulikula managu saa tatu usiku na jua bado linaonekana. Akili yangu ilikataa kabisa kwamba huo ni usiku.

Rafiki huyu wa tatu alifiwa na baba yake Februari hiyo. Hakuja mazishini. Makaratasi yake yalikuwa bado ofisini, na mtu wa hali yake akitoka kabla ya majibu anaweza kufungiwa mlango asirudi. Nilikuwa kwenye hayo mazishi. Tenti alilipa yeye. Jeneza alilipa yeye, na mabasi mawili ya kutoka Nairobi. Nyuma yangu watu wawili walikuwa wanaongea: "Huyo msichana amepotea kabisa. Hata baba yake anazikwa haji." Wakiwa wamekaa chini ya tenti yake.

Saa saba mchana jeneza liliposhushwa, kwake ilikuwa saa kumi alfajiri. Alikuwa kwenye korido ya nyumba ya wazee, simu mkononi, anaangalia moja kwa moja. Netiweki ikakatika hapo hapo. Iliporudi, watu walikuwa wanaimba na kaburi limeshafunikwa. Kengele ya chumba fulani ikalia, akaenda.

Kabla nisafiri nilipita kwao, mama yake akaniruhusu nirekodi kaburi. Hiyo video sikuituma kwa simu, nilimpelekea. Aliangalia mara tatu bila kusema kitu. Halafu akauliza, "Ni nani amepanda hayo maua?" Nikamwambia ni mama. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuvaa yunifomu. Shifti ilikuwa inaanza saa tano.

Najua mtasema kuna wanaojificha kweli. Wapo. Kuna mtu ameenda akabadilisha namba na mama yake hajui yuko jimbo gani. Huyo simtetei. Lakini hatuwezi kumpima kila mtu kwa huyo mmoja. Wote watatu waliniambia kitu kimoja bila kupangana: meseji nyingi kutoka nyumbani huanza na "umepotea" na kuisha na namba ya kutuma pesa.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Ukitaka kumsalimia mtu wa huko, rekodi sauti ya dakika mbili. Mwambie mtaani kumetokea nini, nani ameoa, matatu ipi imebadilishwa rangi. Usimwombe kitu. Usimuulize mbona hakujibu ile ya juzi. Ataisikiliza akiwa kwa basi, au akipumzika katikati ya shifti, na atajibu masaa yake yakifika.

Ikiwa unasoma hii saa tano usiku, huko ni mchana na mtu wako labda ndio anaamka. Tuma sasa.