Chaina chini ya makuti

Toazi la chaina halina adabu. Krashi ya kawaida ukiipiga hufunguka, hung'ara, kisha huondoka polepole huku wenzako wakingoja ipishe. Chaina hulipuka kwa kishindo cha sinia lililodondoka sakafuni, ikakwaruza kidogo, ikawa imekwisha. Miaka ya themanini, tulipokuwa tukipiga muziki wa hoteli pwani ya kaskazini ya Mombasa, wanamuziki wengi tuliofahamiana nao walilihesabu kuwa chombo kibovu. Mimi, mpiga dramu, ndiye niliyeachiwa.

Lilitoka Hong Kong. Ndugu wa mwenye vyombo vya bendi yetu alikuwa baharia, na aliporudi likizo alilishusha limefungwa ndani ya blanketi. Halikuwa na jina la kampuni. Lilikuwa na herufi za Kichina za wino mweusi upande wa ndani, na mwili mzima umejaa alama za nyundo, mahali zimebanana, mahali zimeachana, huwezi kukuta mbili zinazolingana. Kitovu chake hakikubinuka taratibu kama vya matoazi tuliyoyazoea. Kilisimama wima na juu kikawa bapa. Ukingo nao ulikunjwa kurudi nyuma. Tundu la katikati lilikuwa dogo kuliko msumari wa stendi, ikabidi fundi mmoja wa Majengo alipanue kwa tupa, chenga za shaba zikimwagika kikoini mwake.

Kunjo lile la ukingoni ndilo lenye kazi. Kwenye toazi la kawaida mtetemo huenea kutoka fimbo ilipogonga hadi pembeni bila kizuizi kikubwa. Kwenye chaina hukutana na kunjo, ukavurugika, na badala ya mlio mmoja safi unapata milio mingi inayogombana. Bamba lenyewe ni jembamba, kwa hiyo huamka upesi na kulala upesi. Mji wa Wuhan, kando ya mto Yangtze, umejipatia jina kwa kazi hii: mafundi wa huko hufua matoazi na patu kwa mkono, shaba asilimia 80 na bati asilimia 20. Kwao China matoazi hupigwa mawili pamoja, moja kila mkono, kwenye opera ya Beijing na kwenye ngoma ya simba. Wamarekani ndio waliolitundika kwenye dramu. Wapiga jazi wa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa nalo, pamoja na ngoma ndogo za Kichina zenye michoro, kabla hata haihati tunayoikanyaga leo haijazaliwa. Kwa hiyo anayesema chaina ni mbwembwe za juzi hajui mkubwa ni nani.

Kiongozi wetu wa bendi, ambaye sote tulimwita Ami, alikuwa mpiga saksafoni na hakulipenda. "Kijana, hicho chuma chako kitawafukuza Wajerumani," aliniambia jioni ya kwanza. Nikaruhusiwa kulipiga mwisho wa wimbo tu, pigo moja, basi.

Makuti ndiyo yaliyobadilisha mambo. Ukumbi wetu uliezekwa makuti, na makuti hunywa sauti, hasa zile nyembamba za juu. Krashi zetu mbili nzuri, zilizonunuliwa kwa pesa nyingi, zilikuwa zikififia kabla hazijafika meza ya tatu. Chaina ilipenya. Usiku mmoja tuko katikati ya chakacha, Ami anapuliza kwa nguvu zake zote na watu wanacheza, akageuka bila kutoa saksafoni mdomoni, akanionyesha kwa nyusi: panda pale. Nikahama kutoka toazi la raidi, nikaupeleka mwendo wote juu ya chaina, fimbo ikigusa bega la toazi kwa wepesi, si ukingo. Kitu kikatulia. Saksafoni ilipata pahali pakavu pa kukanyaga, na hakuna sauti tamu ya shaba iliyoshindana nayo. Tangu hapo kila akianza kupuliza peke yake alikuwa akinitazama.

Nilidhani ni ujanja wetu wa Mombasa, mpaka mgeni mmoja Mholanzi aliponiachia kaseti ya bendi ya Thad Jones na Mel Lewis, waliokuwa wakipiga kila Jumatatu usiku katika klabu ya Village Vanguard, New York, tangu 1966. Nyuma ya ukuta ule wa tarumbeta na trombone, Mel Lewis alikuwa akiuendesha mwendo juu ya chaina. Alikuwa hapigi kwa nguvu. Sauti ile chafu ilijipenyeza chini ya matarumbeta na kuyabeba. Nikairudisha kaseti nyuma mpaka utepe ukaanza kulia.

Rock nzito ikaigeuza kazi ya chaina. Wengi wa rika langu walilijua jina la Wuhan kupitia Neil Peart, mpiga dramu wa bendi ya Rush, na waliokuja baadaye wakajifunza kwa wapiga metali kuipiga chaina nyundo kwa nyundo, moja kwa kila pigo la sneya. Wakaigeuza kichwa chini ili fimbo isikutane na ukingo uliokunjwa, jambo la busara, maana ukingo ukigongwa ovyo hupasuka. Miaka ya tisini kinanda chenye midundo ya kurekodiwa kikatutoa hotelini karibu sote, na toazi likaingia chini ya kitanda.

Niliikuta tena chaina, si ile yangu, kanisani Nairobi, anakopiga dramu mpwa wangu. Paa la mabati ni kinyume cha makuti: hakuna kinachomezwa, kila pigo linakurudia usoni. Kwa hiyo vijana wanataka kitu kifupi zaidi. Wanachukua chaina ndogo, wanailaza juu ya krashi, wanakaza nati, na kinachotoka ni "chak" kavu inayokatika papo hapo. Nakiri ni akili nzuri kwa jengo lile. Ila chaina yao imebaki alama ya mshangao. Hakuna anayetembea juu yake mwimbaji anapohitaji kubebwa, na hilo naliona ni hasara.

Alipokuja likizo mpwa wangu alilitoa toazi chini ya kitanda, akakuta ufa mfupi kwenye kunjo. Tulitoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee. Sauti imekuwa kavu zaidi, na yeye ameipenda hasa kwa hilo.

"Mjomba, nipe niende nalo," aliniambia.

Nimemwambia atalichukua Jumamosi. Ijumaa tuna harusi Kisauni, na mwenye shughuli ameomba chakacha.