Gemu la makauboi lilivyoniumbua

Wiki hii nina neno na wale washikaji zangu wanaojiita "wazee wa ngumi", yaani wale ambao gemu kwao ni Tekken, mpira au bunduki tu, na likianza kuongea wanabonyeza X mpaka kidole gumba kinaota sugu. Nisikilizeni vizuri, maana mimi si mtoto wa geti kali aliyekulia na PlayStation yake chumbani. Mimi ni zao la kibanda. Kidato cha nne nilimaliza kwa kusuasua, lakini kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwetu Tandika nilitoka na digrii.

Tukumbushane kidogo. Chumba kimoja cha matofali, bati juu, pazia jeusi mlangoni. Dirisha hakuna, kwa sababu mwenye kibanda aliogopa wezi na hakutaka jua lipige kwenye kioo. Televisheni nne za chogo, PS2 nne, mabenchi, na vijana kama thelathini ambao wanane wanacheza na waliobaki wote ni makocha. Mpira au Tekken mia mbili kwa gemu moja. Ukitaka San Andreas unalipia kwa dakika, mia tano nusu saa.

Sasa jiweke mwenyewe pale. Umebana nauli ya daladala, umepiga mguu kutoka shule na jua la saa nane, una mia tano yako mfukoni. Gemu linaanza, jamaa yuko uwanja wa ndege, anaongea. Anapanda teksi, polisi wanamkamata, nao wanaongea. Utasikiliza? Kila sentensi yao ni hela yako inateketea! Tulikuwa tunabonyeza X kama tunaua mende. Memori kadi ilikuwepo moja tu, ya mwenyewe, na aliifungia kwenye boksi la hela, kwa hiyo kila siku unaanza upya. Unatoa karatasi ya daftari yenye michanganyiko ya vitufe, unaita kifaru, unagonga watu, unakimbizana na polisi, muda umeisha, toka.

Basi msomaji, nilicheza San Andreas karibu miaka minne bila kujua kwamba CJ amerudi Los Santos kwa sababu mama yake ameuawa. Miaka minne! Nilikuwa namwendesha mtu aliyekuja kwenye msiba, namnunulia kofia, naiba naye baiskeli, wala sina habari. Na yule Kratos wa God of War, lile la kwanza la mwaka 2005, sisi tulimjua kwa minyororo yake tu na namna anavyochinja. Nimekuja kuambiwa ukubwani kwamba ule weupe wa ngozi yake ni majivu ya mke wake na mtoto wake, aliowaua mwenyewe kwa kudanganywa. Tulidhani ni rangi.

Ndiyo maana sipendi mtu akisema vijana wa uswahilini hawapendi stori. Stori ni anasa ya mwenye mashine. Ukilipia kwa dakika utapenda ngumi tu, na mimi ningekuwa mwenye kibanda ningependa mpende ngumi zaidi.

Hata huko kwa wenyewe ubishi huu ni wa zamani. John Carmack, mmoja wa waliotengeneza Doom ya mwaka 1993, aliwahi kusema kwamba stori kwenye gemu ni kama stori kwenye zile picha za kikubwa: watu wanategemea iwepo, lakini si muhimu. Niliposikia hivyo nikafurahi sana. Nikawa naisema kijiweni kila mtu akinitajia gemu la stori, na wote tunacheka, napata ujiko wa bure.

Halafu mwaka 2023 nikaanza kukohoa.

Mwanzoni niliona ni mafua ya kawaida. Zahanati moja nikapewa dawa ya maji ya kifua, nikarudi, nikapewa nyingine ya rangi tofauti. Wiki tano zikapita. Usiku natoka jasho mpaka shuka linaloa, suruali zinanivuka, na bado kila jioni niko kibandani. Siku hizi pale kuna flat skrini na PS4, lakini wakati ule dirisha bado halikuwepo. Nakohoa, nafuta padi kwa shati, naendelea. Washikaji wakanibatiza jina la "Injini Mbovu". Tukacheka.

Bi mkubwa ndiye aliyenishika mkono, akanipeleka hospitali ya serikali, wakachukua makohozi. Majibu yakatoka: kifua kikuu. Nesi, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya upole, akanieleza kila kitu. Dawa ni bure, miezi sita, usiache hata siku moja. Mkojo utakuwa rangi ya chungwa, usiogope. Wiki za mwanzo ulale chumba chako peke yako, fungua dirisha, vaa barakoa. Akafungua daftari, akauliza: "Mwanangu, umekuwa ukikaa karibu na nani?"

Nikamtaja mama na mdogo wangu. Akauliza, wengine je? Nikasema hakuna.

Tuendelee.

Binamu yangu mmoja wa Sinza, yeye ameshahamia PS5, akanionea huruma akaniletea PS4 yake ya zamani na gemu moja tu, Red Dead Redemption 2. La mwaka 2018, wametengeneza walewale wa San Andreas. Diski mbili, moja ya kuingizia na moja ya kuchezea. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na mashine, muda, na hakuna mtu wa kunigonga begani aseme "toka, zamu yangu".

Nikaweka, nikatafuta kitufe cha kuruka maneno. Mazoea.

Wazee wa ngumi, gemu hili lingewaua kwa presha. Linaanzia kwenye theluji, farasi wanatembea kama wanakwenda kumzika mtu. Huyo Arthur Morgan unayemchezesha, akitaka kupekua kabati anafungua droo moja moja kwa mkono. Akichuna mnyama unamuona anachuna. Ndevu zinaota, lazima anyoe. Asipooga watu wanamsema. Siku ya kwanza nilitukana. Ya tatu nikajikuta nimekaa na kundi lake usiku kwenye moto, nasikiliza mlevi mmoja anasimulia, na X sijaigusa. Mgonjwa anakwenda wapi?

Kiingereza chao cha kikauboi ni kimeo, nilikuwa nasoma maandishi ya chini na kamusi pembeni. Filamu za Kikorea na Kihindi zina watu wao wa kututafsiria, za Kichina hivyohivyo, lakini kwa gemu sijamuona hata mmoja aliyethubutu, na sijui wanangoja nini.

Mtafsiri nikawa mimi, maana mama alianza kuvuta kiti mlangoni. Kwanza alikuja kuhakikisha nimemeza vidonge. Baadaye akawa anakuja na ungo wa mchele. "Huyo mwenye masharubu ni nani?" Nikamwambia ni Dutch, mkuu wa kundi, ndiye aliyemlea Arthur. Mama akamtazama siku mbili, akasema: "Huyo tapeli. Kila siku ana mpango, kila siku bado hela kidogo. Kama yule wa upatu." Msomaji, mimi nilihitaji zaidi ya saa arobaini kufikia hapo.

Sasa anayetaka kulicheza mwenyewe aruke aya chache, maana nasema mwisho wake.

Mapema kabisa, Arthur anatumwa kudai deni kwa mkulima mmoja, Thomas Downes, mtu dhaifu anayekohoa. Anampiga mbele ya mke wake na mtoto wake. Mkulima anamkoholea damu usoni. Nilipobonyeza vitufe vya kumpiga nilifurahi, maana hatimaye ngumi! Gemu lilikuwa limepoa mno. Saa nyingi baadaye, sura ya sita, Arthur anaanguka barabarani mji wa Saint Denis, daktari anampima, anamwambia ana kifua kikuu. Apumzike, aende sehemu yenye joto na ukavu. Basi.

Padi ilinidondoka. Mama alikuwa mlangoni. "Amesemaje huyo daktari?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, halafu: "Kwani huko hawana vidonge?"

Ikabidi nimueleze kwamba ni mwaka 1899. Kijidudu chenyewe Robert Koch alikuwa ameshakitambua tangu mwaka 1882, lakini dawa ya kwanza ya kukiua, streptomycin, ilipatikana mwaka 1943. Daktari anajua kinachomuua Arthur na hana cha kumpa. Mama akainuka bila kusema, akarudi na glasi ya maji na vidonge vyangu, ingawa nilishavimeza asubuhi. Akanihesabia tena, mmoja mmoja.

Baada ya hapo Arthur anakonda, macho yanakuwa mekundu, anakohoa akiwa juu ya farasi. Nami nakohoa kitandani. Mdogo wangu kule sebuleni anauliza, "Huyo ni kaka au ni gemu?"

Roger Clark, aliyeigiza sauti ya Arthur, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye The Game Awards mwaka 2018, na mimi ningempa na ng'ombe. Tuzo kubwa mwaka huo ilikwenda kwa God of War jipya, ambalo Kratos yuleyule mchinjaji sasa ana mtoto wa kiume na hajui aongee naye nini, wanapeleka majivu ya mama wa mtoto mlimani. Mle ngumi zipo za kumwaga, na shoka likirudi mkononi raha yake ni kama kukata tikiti. Kwa hiyo anayeniambia lazima uchague, ama stori ama kipigo, namwambia anachonga tu. Na kwa haki, Red Dead nalo lina makosa. Arthur akishakufa wanakuletea saa kadhaa za John Marston anajenga nyumba, msumari kwa msumari. Mimi nimefiwa, ninyi mnanipa ufundi seremala?

Lakini nilisema nitawaambia lilivyoniumbua.

Kule kumpiga Downes ni lazima. Unaweza kuahirisha, ukavua samaki, ukawinda, ila stori haisogei mpaka umpige. Halafu mwishoni, Arthur akiwa anakufa, yuko mjane wa yule mkulima na mtoto wake. Mama anauza mwili, mtoto anafanya kazi mgodini. Unaweza kwenda kuwapa hela waondoke. Hiyo si lazima. Ukiipita gemu linaendelea kama kawaida, hakuna anayekuuliza.

Nilikwenda. Mama yule hakutaka hata kumuona Arthur, na Arthur hakumwomba msamaha, alitoa hela tu. Nikaizima mashine saa tano usiku, nikalala naangalia feni.

Nilikuwa nawaza daftari la nesi. Lile benchi tunavyobanana watano. Padi inayopita mkono hadi mkono si kitu, nesi alishanieleza kwamba ugonjwa huu unapita kwenye hewa, na hewa ya kile chumba mnaijua. Wiki tano nimekaa mle. Na nimeulizwa jina kwa jina, nikasema hakuna, kwa sababu niliona aibu wasije wakaniita lile jina sasa kwa maana yake halisi.

Kliniki iliyofuata nikamwambia nesi ukweli. Hakunigombeza, alichukua kalamu tu. Akasema ni vizuri zaidi wakisikia kutoka kwangu kwanza. Wiki hiyo, jioni, nikiwa nimeshamaliza mwezi na zaidi wa dawa, nikaenda. Nilisimama nje, nikafunua pazia, nikasema mbele ya wote nilichonacho na kwamba kila aliyekaa na mimi aende akapime, ni bure.

Kukawa kimya. Kwenye kioo Tekken iliendelea peke yake, mtu wa mmoja anapigwa kwa sababu mwenyewe amegeuka kuniangalia. Halafu jamaa mmoja akauliza, "Sasa hili gemu lililoharibika nani analipia?" Nililipa mimi.

Wawili hawajanisalimia mpaka leo. Saba walikwenda kupima. Mmoja alikutwa nacho, mdogo kuliko wote, wa kidato cha pili. Nesi alisema hakuna anayeweza kujua kama alipata kwangu, au mimi kwake, au sote kwa mtu wa tatu. Nilimpelekea ile PS4 kwa miezi yake sita, na binamu hana habari, kwa hiyo msomaji wa Sinza ukimjua usimwambie.

Dogo alianza Red Dead. Nilipomtembelea nikamkuta kwenye theluji bado, anabonyeza X. Nikamnyang'anya padi.

Kibandani mwenyewe alipasua ukuta, akaweka dirisha la nondo. Vijana wanalalamika kwamba kuanzia saa kumi jua linapiga kwenye kioo, hawaoni goli.