Babu na Kopo la Chakula

Nyumbani kwetu Bujumbura tuna tangi la kioo la lita 200, na ndani yake samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Tanganyika, wale ambao wataalamu huwaita Tropheus. Mwezi wa Machi walianza kufa. Wa kwanza alivimba tumbo. Wa pili alijificha nyuma ya jiwe siku mbili bila kula, kisha akaelea.

Nililaumu chujio. Nililiosha, nikabadilisha thuluthi ya maji kila Jumamosi, lakini karatasi ya kupimia nitrati ilitoka nyekundu vilevile.

Kumbe chujio halikuwa na kosa. Bakteria wake hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati hubaki majini mpaka imwagwe au inywewe na mimea. Basi nikapiga hesabu ya chakula. Kopo letu limeandikwa protini asilimia 40, na katika protini nitrojeni ni karibu asilimia 16. Gramu 1 ya chakula hicho, nitrojeni yake yote ikigeuka, huzaa takribani miligramu 280 za nitrati. Mimi niliwapa gramu 1 kwa siku. Lakini kopo la miezi mitatu lilikwisha kwa mwezi mmoja.

Nilijua ni nani. Babu alivua ndagala kwa taa miaka mingi, na sasa miguu haimpeleki mbali na kiti chake kando ya tangi. Kila samaki walipomjia kiooni, aliwapa.

"Mjukuu wangu, samaki hawa hula mchana kutwa," aliniambia. "Wewe unawashindisha njaa."

Tena alisema kweli. Ziwani hukwangua mwani kwenye mawe tangu asubuhi hadi jioni. Ila mwani si chakula cha kopo, na ziwa si lita 200. Ningefanyaje? Kumnyang'anya kopo ni kumwondolea kazi pekee aliyobaki nayo.

Nilimwonyesha ile karatasi nyekundu. Hakusema kitu. Kesho yake aliagiza nijaze beseni kwa maji ninayoyatoa tangini, nitie mawe, niliweke juani. Baada ya wiki chache mawe yakawa ya kijani. Mwani ulikuwa umekunywa nitrati ileile niliyokuwa nikiimwaga mtaroni. Sasa kila asubuhi yeye hutumbukiza jiwe moja na kutoa lililokwanguliwa, na kopo ameniachia mimi.

Karatasi siku hizi ni ya waridi. Babu haiangalii. Analalamika tu kwamba mvua zikianza, jua la beseni litapungua.